Amenipisha Nyumba Nzima

Walthamstow, London
28 Mei 2024

Mwanangu Lusajo,

Salamu. Mimi mzima. Kompyuta yako nimeiweza, usidhani baba yako amesahau. Kwenye ofisi ya kiwanda cha chai nilikuwa napiga taipu, Tukuyu nzima inajua. Na kwa kuwa kwenye simu sisikii kitu, tuandikiane hivi hivi. Barua haimpigii mtu kelele.

Tangu mlipoondoka na baiskeli zenu Jumamosi nyumba imetulia. Vitufe vya jiko nimevielewa, ila kile king'ora cha darini kililia nilipokaanga dagaa, mama wa ghorofa ya chini akapanda mbio na taulo akidhani naungua. Ni Mkongo, anaitwa Noëlla, kazi yake kutunza wazee majumbani mwao. Anapaza sauti vizuri, namsikia. Akaniuliza, "Papa, batoto yako beko wapi?" Nikamwambia wamekwenda kutembea Ulaya. Akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Kumbe Ulaya si ndiyo hapa!

Msiwe na wasiwasi nami. Nilisema nendeni, na nilimaanisha. Safari mliilipia kabla viza yangu haijatoka, na baada ya kuninyima mara zote zile nani angejua safari hii watakubali? Ninyi zungukeni. Tarehe ishirini na mbili mwezi ujao mtakuwa mmerudi, tutakaa pamoja hadi ndege yangu ya tarehe kumi na tatu Julai. Nina jambo moja la kumaliza, ninyi wote wawili mkiwa mmesimama mbele yangu. Si la kuandika.

Msalimie mwenzako.

Baba yako,
Ambakisye Mwalyego


Groningen, Uholanzi
3 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Tumefurahi kusikia unaendelea vizuri. Sisi tunadunda! Meli kutoka Harwich ilitushusha asubuhi, tangu hapo ni pedali tu. Nchi hii haina hata kichuguu, Baba, lakini upepo unakusukuma kifua kama mtu mwenye ugomvi nawe. Adelina ananiacha nyuma kila siku. Anaendesha haongei, namwona mgongo tu mbele huko na lile koti lake la njano. Jioni tunafunga hema, tunachemsha tambi, tunalala.

Kesho kutwa tunaingia Ujerumani, kisha Denmaki. Ukihitaji kitu sokoni, barabara ile ndefu ya High Street utapata mpaka mihogo. Adelina anakusalimu sana.

Mwanao,
Lusajo


Walthamstow
9 Juni 2024

Mwanangu Lusajo,

Nimepata barua yako. Soko nimekwenda. Nimekuta ndizi mbichi, nikasimama nazikagua mpaka muuzaji akanihoji kwa Kiingereza nisichokisikia, nikamwonyesha vidole. Mchana napanda basi, nakaa ghorofa ya juu mbele kabisa, naenda nalo linakokwenda, narudi nalo. Madereva wameanza kunijua. Ni njia nzuri ya kukaa na watu.

Leo nataka kusema habari ya mwenzako, maana mtu asingojewe kufa ndipo asifiwe. Lusajo, umepata mke. Kuanzia pale uwanja wa ndege nilimwona anajua kumheshimu mkwe. Nikikohoa ukumbini, anatoka. Nikiwa sebuleni, haingii. Chakula anakiacha mlangoni, anagonga, anaondoka kabla sijafungua. Na sasa, ili nisijisikie vibaya kuchangia paa moja na mkamwana, amefunga mizigo amenipisha nyumba nzima! Mama yako, Mungu amrehemu, akikutana na baba yangu njiani alikuwa anajitumbukiza kwenye migomba na mtungi wake kichwani. Huyu amevuka bahari. Namsimulia Noëlla kila siku, mpaka ameniambia, "Papa, nimesikia, nimesikia."

Nilikuwa na hofu kwamba mtoto wa Bukoba hatajua mambo yetu ya Kinyakyusa. Kumbe umemfundisha. Ndaga fijo, asante sana, mwanangu.

Baba yako,
A. Mwalyego


Aalborg, Denmaki
15 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma. Ndiyo, Adelina anaelewa mila, anaheshimu sana.

Baba, kuna jambo dogo. Huku upepo umekuwa mbaya mno na tairi langu la nyuma limechanika, kwa hiyo ratiba imesogea. Tukishamaliza Denmaki tunavuka kwa meli kwenda Norwei, baiskeli tunaziacha bandarini, tunakodi gari. Imekuwa rahisi zaidi kufanya hivyo kuliko kurudi sasa. Tarehe ishirini na mbili haitawezekana. Labda ishirini na tisa.

Usikasirike. Friji ina samaki kwenye droo ya chini.

Mwanao,
Lusajo


Walthamstow
23 Juni 2024

Mwanangu Lusajo,

Barua yako ya tarehe kumi na tano nimeiona leo. Kompyuta iligoma, ikaandika maneno kwenye kioo cha buluu, nami nikaiogopa. Binti wa Noëlla, Shekinah, ndiye ameiwasha. Namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, tunaelewana kwa kunyoosheana vidole.

Kwa hiyo jana niliwapikia. Si kosa lako, sikujua. Nilipika ndizi na nyama, nikaweka sahani mbili mezani, yangu nikaipeleka chumbani, nikakaa kitandani na mlango wazi kidogo ili nione taa ya ngazi ikiwaka. Iliwaka mara nyingi. Watu wa juu wana wageni wengi. Baadaye nikampelekea Noëlla sufuria, tukala naye. Akaniuliza kama ni kweli masikio yamekufa kabisa. Nikamwambia hapana, simu na maneno ya chinichini ndivyo vinavyonishinda. Kengele ya ng'ombe naisikia hata akiwa ng'ambo ya bonde.

Tarehe ishirini na tisa sawa. Nyumba yenu ni nzuri ila haina sauti ya mtu.

Baba yako,
A. Mwalyego


Lom, Norwei
28 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Pole sana kwa yale ya Jumamosi. Imeniuma.

Baba, mvua imekata barabara moja huku milimani, tumezunguka mbali na gari. Sasa tunapanda kwa miguu. Ni kuzuri, kuna theluji juu na maziwa ya buluu chini, jua halitaki kuzama. Adelina anapenda kutembea, anasema bado kidogo, twende bonde linalofuata. Tumesema tarehe sita Julai tuko nyumbani, bila kukosa. Utabaki na wiki nzima nasi.

Mwanao,
Lusajo


Walthamstow
30 Juni 2024

Lusajo,

Sawa.

Ila mwambie mwenzako hata heshima ina kipimo. Mkwe akiheshimiwa kupita kiasi anabaki peke yake.

Baba yako


Lillehammer, Norwei
5 Julai 2024

Baba, shikamoo.

Ni Adelina. Najua hukutegemea barua yangu. Jana tulikuwa tunateremka mlimani, mawe yameloa, Lusajo akateleza. Kifundo cha mguu kimevunjika. Wamemfanyia upasuaji, wameweka vyuma, anaendelea vizuri; mimi ni nesi, nisingekudanganya katika hilo. Lakini hawezi kusafiri sasa. Hiyo tarehe sita haipo tena, na sidhani kama ya kumi na tatu atakuwahi.

Ningeweza kuishia hapa. Ila nimechoka, Baba, na huku hata giza halifiki, mtu hana pa kujifichia akalia. Wacha niseme. Hatukuchelewa kwa upepo wala mvua. Ni mimi. Kila Lusajo aliposema turudi, nilisema twende mbele kidogo. Baiskeli zikafika baharini, tukakodi gari. Gari likafika mwisho wa barabara, tukashuka tukapanda kwa miguu. Nilikuwa nakukimbia wewe.

Miaka yote saba ya ndoa nilingoja kukuona. Siku umefika nimevaa kitenge kipya, nikapiga magoti pale uwanja wa ndege watu wote wanatushangaa, nikasema shikamoo Baba. Wewe ukaangalia viatu vyako ukapita. Nikiingia sebuleni kwangu, unanyanyuka unatoka. Ukitaka kupita ukumbini unakohoa kama mtu anayefukuza kuku, ili nipotee. Jina langu hulitaji, ni "mwenzako" na "mwenzako". Sahani ninayokuletea inarudi imeoshwa inang'aa, kana kwamba hutaki mkono wangu uguse ulipogusa wewe. Nikimwuliza Lusajo, ananiambia Baba ndivyo alivyo.

Mimi si mtoto. Najua ni kwa sababu sijazaa. Hilo linaniuma kuliko unavyoweza kujua, na sikuhitaji mtu wa kuja kunikumbusha ndani ya nyumba yangu.

Kama nimekukosea adabu, nisamehe. Lakini nilikuwa nakupenda kabla hujafika.

Mke wa mwanao,
Adelina


Walthamstow
6 Julai 2024

Mwanangu Lusajo,

Pole na mguu. Barua hii nakuandikia wewe ingawa najua anayeisoma ni mwingine, maana wewe bado una dawa kichwani. Siwezi kumwandikia yeye moja kwa moja. Mkono ndio unaokataa, si moyo. Basi mwambie hivi.

Mwambie kwetu baba mkwe na mkamwana hawaangaliani, hawakai chumba kimoja, hawatajani majina. Hiyo si chuki. Ni heshima, na hatuna nyingine kubwa kuliko hiyo. Nilikohoa ili asije akapata aibu ya kunikuta. Nilitazama viatu uwanja wa ndege huku moyo unanienda mbio, nasema ee Mungu wangu, mtoto wa watu amepiga magoti kwenye sakafu ya Wazungu kwa ajili yangu. Sahani niliziosha kwa sababu mkamwana hashiki masalia ya mkwe. Na kabla ya kuziosha nilizilamba, hilo nalo mwambie. Ndizi zake nimezila nikamkumbuka mama yako.

Habari ya mtoto nani kaiuliza? Sikuja London kutafuta mjukuu.

Nilikuja na kengele. Katika ukoo wetu huwa inafika siku baba mkwe anatoa ng'ombe, na kengele ya yule ng'ombe anaiweka mkononi mwa mkamwana, mume akiwa amesimama katikati. Kuanzia hapo wanaweza kusalimiana, kukaa, kuitana. Mwaka mliofunga ndoa nilitenga ndama jike. Amezaa, na watoto wake wamezaa. Nusu ya zizi lile si langu. Kila niliponyimwa viza kengele ilikuwa tayari kwenye begi, nami nairudisha msumarini. Hilo ndilo jambo nililosema si la kuandika. Haya, nimeliandika.

Sasa wewe Lusajo. Ulijua. Mkeo ulimwambia Baba ndivyo alivyo, mimi ukaniambia anaelewa mila. Ulitaka kila mtu anyamaze upate raha yako. Mguu ukipona nitakugombeza vizuri.

Na mimi mzee mzima nilikaa hapa najisifu kwa majirani kwamba mkamwana wangu amenipisha nyumba nzima! Kumbe nimemfukuza kwake. Mwambie nimeona aibu. Mwambie arudi nyumbani.

Baba yako,
Ambakisye Mwalyego


Lillehammer
8 Julai 2024

Baba, shikamoo.

Nimeisoma mara nyingi. Lusajo naye ameisoma, amelia, na kusema kweli sikumbembeleza. Daktari anasema bado siku kadhaa. Yeye atabaki, rafiki yake wa Oslo atakuja kumwangalia.

Mimi nimepata ndege. Nafika Ijumaa jioni. Huko milimani nilikuwa nasikia kengele za ng'ombe kila asubuhi na zilikuwa zinaniudhi.

Adelina


Jikoni
12 Julai 2024

Baba, shikamoo.

Nimefika. Mlango wa jikoni nimeurudishia. Nimegonga, nimeacha chai nje ya chumba chako, na karatasi hii naipitisha chini ya mlango. Ndizi ziko motoni.

Kesho nakupeleka Heathrow, na hilo siombi ruhusa. Husikii matangazo, na kuna kubadili treni.

Adelina


Chumbani
12 Julai 2024

Kwa aliyeko jikoni,

Chai nimeipata. Pole na safari. Hii ni mara ya kwanza mkono umekubali.

Nimefikiri sana. Lusajo hayupo, na bila yeye kusimama katikati siwezi kukukabidhi kitu. Noëlla amesema tumweke kwenye simu ile yenye picha. Nimemwambia mtu wa kwenye kioo hasimami katikati ya mtu na mtu. Basi kengele nimeiweka juu ya kabati la viatu. Nakuazima. Kuazima si kukabidhi, tuelewane. Nitaidai Tukuyu, mje wote wawili.

Kesho sawa. Mimi nitatangulia, wewe ufuate nyuma. Shida ni moja tu. Sitageuka, na kwa masikio haya sitajua kama upo au umeachwa njiani.

A. M.


Jikoni
12 Julai 2024

Baba,

Kengele si unaisikia?

Adelina


Walthamstow
13 Julai 2024

Lusajo,

Baba ameondoka salama. Nakuandikia sasa hivi kabla sijavua viatu, na wewe utasoma mpaka mwisho.

Tumetoka asubuhi. Yeye mbele na begi lake na kofia, mimi hatua chache nyuma na kengele mkononi. Ni nzito, ya chuma, imeisha kingo kwa kuchakaa. Kila tukikata kona napiga. Noëlla alisimama mlangoni na kanga ya kulalia, akasema, "Jamani, munaenda malishoni?" Nikacheka, Lusajo, nimecheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano.

Kwenye treni alikaa mwisho wa behewa akiangalia dirisha, mimi nikasimama mlangoni. Kila kituo napiga mara moja, naye anatikisa kichwa kidogo. Watu walitoa vile vitu vya masikioni kutuangalia. Nikasema waangalie tu. Pale Finsbury Park tulipobadili treni watu wakafurika, nikampoteza. Sikuona kofia wala begi. Nilipiga kengele kama mwendawazimu, nimeshaanza kulia, ndipo nikaona kofia imeinuliwa juu ya vichwa vya watu huko mbele. Hakugeuka. Aliinua kofia tu, akangoja, nikamfikia mpaka nyuma yake.

Heathrow alisimama kwenye foleni ya ukaguzi, mahali ambapo mimi siruhusiwi kupita. Nikaendelea kupiga. Mlinzi akaja kuuliza kuna nini, nikamwambia baba yangu hasikii vizuri. Nimesema baba yangu, sikusema mkwe. Akaniacha. Nilimwona anavua mkanda, anaweka kofia kwenye sinia, anapita. Akakata kona. Nikapiga tena kidogo, halafu nikaona hakuna maana, nikaishika ulimi isilie.

Nimerudi peke yangu. Treni nzima nilikuwa nakuchukia, halafu nikaanza kukuhurumia, sasa sijui. Ukipona utakata tikiti za Mbeya, na huko utasimama katikati nitakapokuambia usimame. Nitamwambia shikamoo naye atanijibu. Mzee ni mzee, Lusajo. Sitaki kuambiwa tena bado kidogo, wala kusema mimi.

Hapa ndani pamekuwa kimya. Kitanda amekitandika, taulo amelikunja, dirisha amelifunga. Nimeingia jikoni kuweka maji ya chai, nikakuta sahani yake ya asubuhi mezani, na kijiko ndani, na kipande cha ndizi pembeni.

Hakuiosha.

Adelina